Watoto Sakafuni

Kabla sijajua kusoma, kichwa changu kilikuwa daftari la mama. Jioni, vyombo vikishaoshwa na mdogo wangu akishalala, mama alinikalisha katikati ya magoti yake, akanigeuza nielekee kibatari, akaanza kuchora njia kwa mkia wa chanuo. Alichofundishwa saluni mchana alikirudia kwangu usiku. Njia ikipinda, anafumua na kuanza upya. Nikisinzia na kichwa kikadondoka, anakiinua kwa vidole viwili chini ya kidevu na kuendelea, hasemi kitu. Asubuhi nilibeba zoezi lile hadi kazini kwake likakaguliwe. Fundi alinishika masikio, akaninamisha, akasahihisha kwa sauti wateja wakisikia: "Hii njia ya tatu mbona imeenda kulala kwa jirani?"

Hiyo ilikuwa 2003, Kaisho senta. Kwenye ramani za wakati ule Kaisho ilikuwa Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa baadaye, 2012. Ukishika barabara inayotoka Omurushaka kupitia Nkwenda kwenda Murongo unapita migomba, kahawa, migomba tena, na kabla hujafika mto Kagera na Uganda ng'ambo yake, unaikuta. Mama alikuwa na miaka 21 na watoto wawili: mimi wa miaka minne, na mdogo wangu ambaye alikuwa bado hajaanza kutambaa. Alikuwa mwanagenzi wa ususi, ingawa neno hilo sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Walisema tu "yuko kwa fundi."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, mhadhiri alitupa kazi: andika historia ya taasisi moja ya elimu katika eneo unalotoka. Wenzangu waliandika kuhusu shule za misheni, shule za kati, kampeni ya elimu kwa wote ya miaka ya sabini. Mimi niliandika kuhusu shule ya msingi niliyosoma, nikapata B, na tangu siku hiyo najilaumu. Taasisi niliyoijua vizuri kuliko zote ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma chenye benchi, kioo kilichopasuka pembeni na sakafu ya saruji ambayo mimi na mdogo wangu tuliifahamu kwa magoti. Insha hii ni marudio ya ile kazi. Najua muda wa kukusanya umepita.

Maandishi ya zamani hayasaidii sana. Ukimtafuta mwanamke wa Karagwe humo, mmoja wa wa kwanza utakaowakuta anapimwa kwa utepe. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, na katika kitabu alichochapisha 1863 Speke anasimulia jinsi alivyomshawishi shemeji wa mfalme, mmoja wa wale wanawake walioneneshwa kwa maziwa, akubali kupimwa. Ukigeuza futi zake kuwa sentimeta unapata mzunguko wa mkono 58, kifua 132, paja 79, shavu la mguu 51. Pembeni binti yake wa miaka 16 ameketi ananyonya chungu cha maziwa, baba yake yupo na fimbo mkononi ya kumhimiza. Nimeurudia ukurasa ule mara kadhaa. Kichwa hakimo kwenye orodha ya vipimo. Israel Katoke, aliyechapisha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, anatupa wafalme tangu takriban 1400 hadi 1915, na bila kitabu chake tungekuwa na kidogo sana. Lakini historia ya wafalme si mahali pa kumtafutia mwanamke aliyemnyoa binti yule nywele za tumboni, wala aliyembeba mtoto wakati mama yake akisukwa.

Ng'ambo nyingine ya mto, Rwanda, nywele zilisemwa waziwazi zaidi. Kulikuwa na amasunzu, mtindo wa kunyoa na kuacha matuta ya nywele yaliyopinda kama mwezi, ambao kwa msichana ulimaanisha amefikia umri wa kuolewa. Akishazaa alivaa urugori, taji la bua la mtama kuzunguka kichwa. Yaani mtu akikutazama kichwani alijua kama una mtoto, na taji lile lilikuwa la heshima. Nalitaja hilo kwa sababu upande wetu, kufikia wakati wa mama yangu, kichwa cha msichana kilikuwa kikisema jambo jingine kabisa.

Mama alikuwa kidato cha pili, 1998, shule ya sekondari ambayo sitaitaja. Wasichana wote walikuwa na nywele zilizokatwa fupi, kama ilivyo mpaka leo katika shule nyingi za serikali nchini. Walipimwa ujauzito, yeye akabainika, akarudishwa nyumbani kabla ya mtihani. Kijana aliyehusika alimaliza kidato cha nne. Mama ananiambia jambo moja kuhusu miezi ile ambalo sikulitegemea: kwamba nywele zake zilianza kurefuka. Hakuwa amewahi kuziona ndefu tangu akiwa mdogo sana. Alikaa kwenye kibanja cha bibi, tumbo linakua, nywele zinakua, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya baada ya kumenya ndizi na kupalilia maharage, alianza kujisuka mwenyewe kwa uzi mweusi akitumia maji ya ndoo kama kioo.

Kanuni zilizoruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili au kwa kuolewa zilitolewa 2002, miaka minne baada ya yeye kuondoka. Watu wengi wa rika langu wanadhani ndizo zilizoanzisha jambo hili. Zilikuta limeshakuwa desturi, zikaliandika.

Sasa, kwa nini sisi watoto tulikwenda naye saluni? Msomaji wa mjini atasema: si kulikuwa na bibi? Kulikuwa na bibi. Lakini hii ilikuwa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu, 1983, wakati watu bado wakiuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini bibi alikuwa amezika watoto wawili na wakwe wawili, na nyumbani alikuwa akilea wajukuu watano ambao hawakuwa na mtu mwingine. Baada ya msiba ndugu walinyolewa. Bibi alisema kuna kipindi nywele zake hazikupata nafasi ya kuota, maana kabla hazijafunika masikio msiba mwingine ulikuwa umefika. Kisha wahudumu wa afya wakaanza kukataza wembe mmoja kupita kwenye vichwa vya ukoo mzima, na hilo nalo likaleta ubishi wake.

Kwa hiyo bibi alimwambia mama bila kuficha: "Mwanangu, hawa watano wananitosha. Hao wako, beba." Hakukuwa na ugomvi. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, mimi akanishika mkono, tukaenda.

Ada ya fundi ilikuwa shilingi 40,000, ikalipwa kwa vipande: kidogo msimu wa kahawa, debe la maharage, mkungu wa ndizi, tena kidogo. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, asiyependa kupigiwa simulizi asubuhi. Tulimwita Shangazi ingawa hatukuwa na undugu naye. Alikuwa amejifunza sehemu ya kazi yake Mwanza na sehemu nyingine mlangoni petu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara na Karagwe, kambi zilifunguliwa huku kwetu pia: Chabalisa, Kagenyi, Rubwera. Tunapozikumbuka kambi zile tunakumbuka vifo, mahema na miti iliyokatwa. Lakini watu waliishi mle mpaka walipolazimishwa kurudi mwishoni mwa 1996, na watu wakiishi mahali nywele zinaota. Upande wa Congo, hesabu moja iliyofanyika katika kambi za Goma ilikuta mabaa 2,324, migahawa 450 na saluni 62. Karibu na Kagenyi, Shangazi alikaa na wanawake waliokuwa wakisukana juani na watoto wao miguuni, akajifunza kwao kushika nywele tatu kwa wakati mmoja bila kumwumiza mtu. Hakulipa ada. Alifukuza nzi usoni pa watoto wao.

Nimetaja watoto miguuni makusudi. Kabla ya kuwa na bei, ususi ulikuwa jambo la kibarazani, na barazani watoto walikuwepo siku zote. Ukubwa wa kichwa cha mtoto, uvivu wake, kulia kwake, ndivyo vilivyomfundisha mkono kuwa mwepesi. Saluni yenye kioo na bei ukutani ni kitu kipya, na wazo kwamba mtoto anaharibu sura ya kazi lilikuja pamoja na kioo.

Masomo yalikuwa na mpangilio ingawa hayakuandikwa popote. Miezi ya kwanza unafagia, unachota maji, unafumua. Kufumua ndiyo elimu yenyewe, Shangazi alisema, kwa sababu unaona kazi ya mwenzako kuanzia mwisho wake, kama mtu anayebomoa nyumba akajifunza ilivyojengwa. Kisha unachambua rasta na kuzipanga kwa urefu, unamshikia fundi. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kuchora njia. Njia ni ngumu kuliko kusuka. Suko baya linaweza kufichwa na mafuta, njia iliyopinda kila mtu kanisani ataiona. Halafu twende kilioni, mabutu, nywele za uzi, yeboyebo. Chanuo la moto lililowekwa juu ya jiko la mkaa. Na mwisho kabisa dawa.

Siku yake ilianza saa kumi na moja alfajiri. Chai ya bibi na watoto wote saba, ndizi zimenywe ziachwe tayari kwenye maji, kuni, nepi za kitambaa zilizofuliwa usiku ziguswe kama zimekauka, na kwa kawaida hazikuwa zimekauka. Saa moja na nusu tuko njiani. Saluni ikifunguliwa, mdogo wangu anawekwa kwenye boksi la kadibodi la mafuta ya nywele lililotandikwa kanga. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwangalia, na pia kuokota vipande vya rasta vilivyoanguka na kuvitenga: virefu vinatumika tena, vifupi ni vyangu, vya kusukia wanasesere wa migomba. Mama alinyonyesha akiwa anachambua. Alijifunza kufanya hivyo bila kutazama chini, mtoto kwenye paja la kushoto, rasta zimening'inia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Wateja walimwita Mama wa jina langu, kama ilivyo ada, na nadhani kuitwa hivyo mahali alipokuwa akijifunza, badala ya kuitwa hivyo kwa kunong'onezwa, kulimfanyia kitu. Lakini hilo ni wazo langu. Nilipomwuliza alisema alikuwa amechoka mno kusikia anaitwaje.

Kulikuwa na siku zisizo na mteja hata mmoja, hasa kati ya mwisho wa kulipwa kahawa na Krismasi. Siku hizo Shangazi aliwapa wanafunzi vichwa vyao wenyewe: huyu amsuke yule, yule amsuke huyu. Watatu walikuwepo wakati wa mama, na wawili kati yao walikuwa na watoto. Wote watatu waliacha shule kwa sababu ile ile, mmoja tu mtoto wake hakuishi. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima. Utotoni nilidhani saluni ni mahali ambapo wasichana wakubwa hupelekwa, kama vile sisi tulivyopelekwa chekechea.

Msusi maarufu kuliko wote katika historia alipitia njia inayofanana na hii. Sarah Breedlove alizaliwa Louisiana, Marekani, 1867. Akawa yatima akiwa na miaka saba, akaolewa akiwa na 14, akazaa binti akiwa na 17, akabaki mjane akiwa na 20. Alifua nguo za watu St. Louis kwa miaka mingi ili binti yake asome. Nywele zake zilipoanza kukatika aliingia kwenye biashara ya mafuta ya nywele, akauza kwanza bidhaa za mwanamke mwingine mweusi, Annie Malone, kisha zake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Chuo cha ususi alichofungua Pittsburgh mwaka 1908 alikiita Lelia, kwa jina la yule binti. Watu wanapenda kusimulia utajiri wake. Mimi hukwama kwenye ile miaka ya kufua, nikijiuliza mtoto alikaa wapi maji yalipokuwa yakichemka.

Nauliza hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Mama alikuwa ameingia mwaka wa pili kwa Shangazi, ameruhusiwa kuweka dawa. Dawa ya kulainisha nywele si mafuta. Nyingi za wakati ule zilikuwa na kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, na dakika zake zina hesabu: zikipungua nywele hazinyooki, zikizidi ngozi inaungua. Mteja alikuwa mke wa mtu mwenye duka, mwanamke aliyekuja kwa bodaboda na hakupenda kusubiri. Mdogo wangu alikuwa sasa anatembea. Mimi nilikuwa nimetoka nje, nimefuata kitu nisichokikumbuka hata leo, na ningependa kukikumbuka. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye jiko lililokuwa na chanuo la moto.

Mama aliacha kichwa, akamdaka. Kiganja kilikuwa kimeshagusa. Akatoka naye mbio kwenye maji, akamlowesha, akambembeleza, na aliporudi dakika zilikuwa zimepita. Mteja alikuwa amesimama anapiga kelele, povu linamshuka shingoni. Walimwosha kwa ndoo tatu. Nyuma ya sikio ngozi ilitoka.

Yule mama alisema aliyotaka kusema. Alisema saluni si mahali pa kulelea watoto. Alisema vitoto visivyo na baba ndivyo vinavyoleta mikosi. Alikataa kulipa, na alikuwa na haki ya kukataa. Mama alifunga kanga yake, akanishika mkono, akamweka mdogo wangu mgongoni huku bado anatweta kwa kulia, akasimama mlangoni akisubiri kuambiwa. Alikuwa anajua zinavyokwenda. Alishawahi kusimama hivyo mbele ya meza ya mwalimu.

Shangazi alikuwa ameinama anafuta sakafu. Hakuinua macho. Alisema, "Unakwenda wapi? Nani atafumua yule wa saa nane?" Kisha akalinyanyua jiko kwa kitambaa, akalitoa nje chini ya dari la bati, akaliwekea matofali matatu kulizunguka. Tangu siku hiyo chanuo la moto lilipashwa nje, mvua au jua, na aliyelihitaji alitembea hatua tano kulifuata. Lilikuwa usumbufu kwa kila mtu. Mama hakuruhusiwa kugusa dawa kwa miezi mitatu, na hiyo ilikuwa adhabu.

Kovu la mdogo wangu lipo kiganjani mpaka leo, limefifia. Yeye halikumbuki jiko. Anakumbuka matofali.

Nimesoma sheria nyingi kuhusu nywele za wanawake wa Afrika Mashariki, na ni ajabu jinsi dola zilivyozipenda. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mkorogo na mawigi vikawa haramu kwa jina la utamaduni wa taifa. Dar es Salaam wanawake walishambuliwa na magenge ya vijana, wakateremshwa kwenye mabasi Kariakoo. Ng'ambo ya Murongo, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi 1972 na mawigi 1974. Bibi yangu anacheka nikimsimulia. Kaisho, anasema, wigi la kukamatwa lingetoka wapi? Lakini alikumbuka zilipofika. Ilikuwa zama za ruksa za Rais Mwinyi, bidhaa zikamwagika sokoni baada ya miaka ya kukosa hata sabuni, na akina mama waliorudi kutoka Kikagati na vifurushi vya rasta walizifunika kwa majani ya migomba kana kwamba ni nyama.

Kilichobaki cha fikra ile ni shule. Mwanafunzi mwema ni mwenye kichwa kitupu. Nywele ni upotevu wa muda, na zinaita wanaume. Nimesikia hoja ya usafi na hoja ya usawa kati ya maskini na tajiri, na ya pili ina uzito, maana najua rasta zilikuwa bei gani. Ila sijasikia bado anayeeleza kwa nini kichwa kilichonyolewa hakikumlinda mama yangu.

Januari 2006 nilianza darasa la kwanza. Jumapili kabla ya kufungua shule mama alinikalisha pale pale katikati ya magoti yake. Nilidhani ni zoezi. Alifumua twende kilioni yangu taratibu, njia moja moja, akazichana zote zikasimama, akaniangalia kwa muda. Kisha akachukua mkasi wa saluni aliouazima. Nililia kwa sababu sikio lilikuwa na baridi. Yeye alikusanya nywele zangu kwenye gazeti, akazikunja, akazitia kwenye jiko, na harufu yake ikatufanya tutoke nje wote. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, jioni, alikuwa akikaa na mikono yake imetulia juu ya kanga, hana pa kufanyia mazoezi. Mdogo wangu wa kiume alikataa katakata.

Alimaliza kwa Shangazi mwaka huo. Hakukuwa na sherehe wala cheti. Shangazi alimpa chanuo la mkia na mteja mmoja, yule wa kila Jumamosi. VETA ilikuwepo kisheria tangu 1994, na siku hizi ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa watu kama yeye, waliojifunza kazini, wakapimwa na kupewa vyeti. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa mfano ambao Nyerere aliuona Sweden, navyo vimekuwa vikipokea wasichana waliokatishwa masomo, chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, na ndani ya uzio wa chuo kuna mahali pa kuacha watoto wakati mama yuko darasani. Nilipomsimulia mama kuhusu vyumba hivyo vya watoto aliniuliza swali moja tu: jiko la chai la walezi liko ndani au nje?

Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Mama alikuwa na saluni yake wakati huo, chumba kile kile cha Shangazi aliyestaafu, sasa kina umeme na draya ya kusimama. Mwezi ule, ananiambia, walimjia wasichana wanne kuomba kujifunza. Alichukua wawili, nafasi haikutosha.

Novemba 24, 2021 nilikuwa Kaisho, likizo. Ulikuwa msimu wa senene. Saluni ilikuwa na mteja mmoja tu kichwani na wanawake wengine wanne waliokaa sakafuni na beseni, wanachambua senene, mabawa huku, miguu kule, wanapiga soga. Mwanagenzi wa mama alikuwa na mtoto wa miezi mitano kwenye boksi. Redio ilisema Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ametangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Mmoja wa wachambua senene akamwambia mama kwa utani, "Mama wa fulani, kachukue begi, kidato cha pili kinakusubiri." Wakacheka wote, naye pia. Alikuwa na miaka 39.

Mwanagenzi hakucheka. Alikuwa ameacha kufumua, anasikiliza, mkono mmoja bado umeshika rasta. Mama alimtazama kwenye kioo. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya kitu, "Na mtoto utamwacha kwa nani?"

Msichana alisema hajui.

"Basi lete hapa," mama akasema, akarudi kwenye kichwa alichokuwa anakisuka.